Jina la Mgonjwa

Juzi, nikiwa katika hospitali moja hapa Moshi, niliona wanafunzi watatu wa chuo kikuu wakimfikisha mwenzao mapokezi akitetemeka kwa malaria.

"Jina la mgonjwa?" muuguzi aliuliza.

Walitazamana. "Sisi tunamwita Mmakonde tu," alisema mmoja.

"Mnaishi naye?"

"Chumba kimoja, dada. Huu mwaka wa pili."

Mgonjwa aliinua kichwa, akataja jina lake taratibu. Kisha akasema, "Lakini andika Mmakonde, dada. Wakija kunitazama wataulizia hilo."

Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi, na siku ya kwanza huwa tunaanza na majina. Chuo kikuu, naona, hawaanzii hapo.

Siku hiyo saa kumi, muda wa kutazama wagonjwa, nilikuwa katika wodi alimolazwa, kumtazama kaka yangu. Kwa yule kijana hakuja mtu kuulizia jina lolote.