Choo Kisichojaa

Melkizedek alitoka Mamboya na sururu moja na aibu nyingi, akaja Mikumi kuchimba ardhi ya watu. Kuongea hakukuwa kazi yake. Mteja akimwonyesha mahali, aliinama, akapiga sururu mara moja, akaushika udongo na kuunusa, kisha akasema, "Haya." Kwa neno hilo moja alichimba visima vya karibu mtaa mzima ulio juu ya barabara kuu, wakati bado ni mashamba ya mahindi na nyumba za kuhesabu. Bomba la mji halikuwa limefika huko. Mpaka leo halijafika.

Kisima alichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha Letisia, ambaye watu humwita mama Anitha. Siku maji yalipotoka, Melkizedek alifanya kama afanyavyo siku zote: alisubiri tope litulie, akachota bakuli, akanywa wa kwanza mbele ya mwenye kisima na majirani. Mchimbaji asiyekunywa wa kwanza nani atamwamini? Mama Anitha alipiga vigelegele. Tangu hapo mtaa ulichota kwake bila kuulizwa, na mgeni akipewa maji aliambiwa, "Kunywa, haya ni ya Melki, hayana shida."

Mji ukakua. Shamba likawa viwanja, kiwanja kikakatwa vipande, kila kipande kikaota vyumba vya kupanga, na wapangaji wanataka choo. Wa kuchimba visima wakapungua, wa kuchimba vyoo wakaongezeka, na aliyeitwa alikuwa yule yule na sururu yake ile ile.

Kiangazi kilichopita aliitwa na Casmir, mwenye vyumba vya kupanga nyuma ya kwa mama Anitha. Kona pekee iliyobaki ilikuwa kwenye ukuta. Ng'ambo yake Melkizedek alisikia ndoo ikigonga kingo za kisima.

"Bosi," alisema, "hapa na kisima cha mama ni karibu."

"Ndiyo ujirani mwema huo!" Casmir akacheka. "Chimba, bwana. Mimi nataka choo kisichojaa. Nenda mpaka maji."

Hivyo ndivyo mtaa wote unavyoamini: choo kikifika maji hakijai, uchafu unaondoka wenyewe. Unakwenda wapi, hakuna anayeuliza.

"Tungeishia kwenye udongo mkavu, bosi…"

"Kijae mwakani nianze kuhangaika na gari la kunyonya? Kama umechoka sema, nimwite Seni aje achimbe yeye."

Thadeo, mwenzake anayevuta ndoo za udongo, akamkonyeza: chimba tule. Melkizedek akaokota sururu. Akashuka.

Alipofika chini aliikuta changarawe nyekundu anayoijua, ile ile ya ng'ambo ya ukuta. Maji yakapanda taratibu mpaka kwenye vifundo vya miguu, baridi, safi kabisa. Hakuyaonja. Alishika kamba, akasema, "Thadeo, nivute."

Masika yakaingia. Brightness, mjukuu wa mama Anitha, aliharisha mpaka macho yakazama, akalazwa. Wakafuata watoto wengine. Fabiola muuza chapati akaanza kusema kisima kimeharibika, na maneno hayo yalimuuma mama Anitha kuliko hata uchovu wa kukesha hospitalini. Akamtuma mtu amwite Melkizedek.

Alikuta wanawake wamezunguka kisima, ndoo zao tupu.

"Shikamoo, mama Anitha."

"Marahaba, baba. Afadhali umekuja. Fabiola anasema maji yangu yanaua watoto."

"Sikusema yanaua. Nimesema yananuka."

"Pua yako ndiyo inanuka, imejaa mafuta ya chapati!" Wanawake wakacheka kidogo. "Aliyekichimba huyu hapa. Alikunywa wa kwanza, mkamwona. Leo atakunywa tena, tumalizane. Nataka kumpelekea mjukuu wangu maji."

Akachota, akajaza bakuli, akapiga goti kumpa kwa mikono miwili.

Funda moja lingetosha. Ndoo zingejazwa, jina la kisima lingesafishwa, na jioni mtoto angenyweshwa. Melkizedek alileta bakuli mdomoni. Maji yalikuwa meupe, hata tope hayana. Midomo ilikataa kufunguka. Akayamwaga chini.

"Choo cha Casmir," alisema, "nilikichimba mimi. Kimefika maji. Ni maji haya haya."

Mama Anitha aliinua uso.

"Ulijua?" mama Anitha aliuliza, bado amepiga goti.

"Nilijua, mama."

"Na hukunipigia hodi? Ukuta tu, baba. Ukuta mmoja."

Melkizedek aliliweka bakuli tupu kwenye kingo za kisima. Fabiola, aliyekuwa ameshinda ubishi, hakuonekana kufurahi.

"Sasa tukikifunika hiki," alisema, "tunachota wapi? Mtoni wanakooshea malori?"

"Choo kifukiwe," sauti moja ikasema.

"Kilichokwisha kuingia kimeingia," Melkizedek akajibu. "Na vyumba vile vimejaa watu. Watachimbiwa kingine, pale pale."

"Basi tuchimbie na sisi kisima kingine!"

Aligeuka kutazama, kama mtu anayetafuta mahali pa kupiga sururu. Ukuta, choo. Ukuta, choo. Vingi alivichimba mwenyewe. Aliangalia mpaka barabarani, akarudisha macho, asiseme lile neno lake.

Mama Anitha alijikongoja akainuka. Alimpita bila kumgusa, akaishika kamba, akateremsha ndoo.

"Nitachemsha," alisema, kwa sauti ya mtu asiye na kuni.

Mmoja mmoja wenzake wakasogea, wakapanga ndoo zao nyuma yake.