Mzabibu Uliotoa Maji Wakati wa Kiangazi

Mi sikusoma sana, niliishia darasa la tatu, kwa hiyo naeleza tu kile nilichoona kwa macho yangu, uani kwetu, mtaa wa Bwiza. Mzabibu niliuleta mwenyewe toka bandarini, wakati nilikuwa bado nabeba mizigo. Mfanyabiashara mmoja wa Dodoma, aliyekuwa anakuja kwetu kwa meli kupitia Kigoma, alinipa kijiti kimefungwa kwenye kitambaa chenye maji. Siku ile ile gunia la unga liliniangukia mguuni, mpaka leo nachechemea, lakini hiyo ni habari ingine.

Miaka mitatu ukafunika chanja yote ya miti niliyoutengenezea utambae. Majani tu, zabibu hata moja. Na chanja nilikuwa nimeisimamisha pale mke wangu alipokuwa anaanikaga nguo. Akaniambia, "Baba watoto, mwaka huu usipozaa, naung'oa. Mi nguo zangu hazikaukii kwenye kivuli."

Yule wa Dodoma alipopita tena bandarini, nikamwendea. Akacheka. "Mzee, wewe unafuga majani. Kata matawi yote kabla ya mvua ya kwanza. Kila tawi liachie macho mawili tu." Macho ni yale mafundo yanapotokea machipukizi.

Basi mwezi wa tisa nikakata. Kikabaki kitu kama mifupa, na mimi mwenyewe nikaogopa.

Asubuhi yake kila jeraha lilikuwa linadondosha maji. Maji meupe, safi. Miezi na miezi mvua haijanyesha, udongo umepasuka, hata bomba letu lilikuwa kavu siku ya nne. Mke wangu akasimama pale. "Umeuua sasa. Nilisema mi nitaung'oa, sikusema uutese."

Nikafunga majeraha kwa kipande cha kitenge. Kikalowa. Nikapaka nta ya mshumaa. Maji yakaisukuma nta, ikaanguka. Nani alikuwa anasukuma? Nikaonja, hayana ladha, ni maji tu. Mke wangu akaenda jikoni, nikadhani anafuata panga. Akarudi na bakuli, akaliweka chini ya tawi. Tukakaa kwenye ndoo zetu tupu, watu wazima wawili, tunatazama kijiti kinachotoa maji pale bomba limeshindwa. Mpaka saa sita bakuli lilifika nusu. Akanawa uso kwa maji yale.

Maji yalikatika yenyewe. Siku chache baadaye macho yakavimba, yakatoa manyoya mekundu kidogo, kama kifaranga. Jani likafunguka, dogo kama ukucha, na ndani yake kichala kimeshakaa, punje zake kama ulezi. Kilikuwa kimefichwa wapi wakati wote ule?

Mke wangu akahesabu vichala kwa kidole bila kuvigusa. Kumi na kimoja. Halafu akafungua kamba yake ya nguo kwenye mti wa chanja, akaenda kuifunga kule karibu na choo.

"Usicheke," akasema. "Huku kuna jua zuri."