Komanda Amevaa Kikwembe cha Mama

Muniache niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wengine hapa Baraka: ndiyo, mimi ndiye niliyemvika mbwa kikwembe, tena siku ile bakwe, wakwe zetu, wametoka Fizi kuja kumposa mudogo wangu Riziki.

Mbwa wetu anaitwa Komanda (jina tulimpa akiwa kichanga, hatukujua ataogopa hata sufuria ikianguka). Tangu upepo ung'oe bati la jikoni likaanguka karibu yake, radi ikinguruma ziwani anatetemeka, anajikojolea, anajilazimisha chini ya kitanda ambako hatoshi tena, na mimi nikimwona vile moyo unaniuma. Nikaanza kutafuta cha kumtuliza. Sokoni wakaniuzia mafuta ya kunukia ya kumpaka shingoni, akapiga chafya tu. Muuza dawa mmoja akanionyesha sirop ya watu, ya usingizi, nikaogopa, nikaenda kuuliza kwa daktari wa mifugo.

"Mama, dawa ya batu usimupe, utamuua," akaniambia. "Umufunge kitambaa kifuani, kikaze kidogo, na kikuwe na harufu ya muntu anapenda."

Nikamfunga blauzi yangu kuukuu. Radi ikapiga, Komanda akalala.

Sasa siku ya posa blauzi nimeifua, iko kwenye kamba inachuruzika maji, mawingu yanapanda, wageni wameshaketi chini ya turubai, na mbwa analia chumbani kwa mama. Nikashika kitambaa cha kwanza nilichokuta kitandani, nikamfunga, nikafunga mlango, nikarudi kugawa soda kama mtu mwenye akili.

Kumbe ni kikwembe kipya, kitenge cha maua! Mama wa bwana harusi alimletea mama yetu asubuhi ileile, wavae sare wao wawili, nyumba zionekane zimekuwa moja. Nilipomtazama yule mama na kuona maua yaleyale kwenye nguo yake, nikaelewa nilichomfunga Komanda. Na mama yangu huyo anakwenda chumbani kuvaa. Akafungua mlango, radi ikapiga, Komanda akachomoka, akapita katikati ya wazee, kikwembe kinaburutika kwenye matope ya mvua ya jana, akaangusha trei yangu ya soda, akajificha chini ya kiti cha mama wa bwana harusi.

Mjomba wa bwana harusi akasimama. "Zawadi yetu munavalisha imbwa?"

Riziki alinitazama, machozi yamemjaa. Nikapiga magoti kwenye soda iliyomwagika, nikaeleza yote, bati, mafuta, daktari.

Mama wa bwana harusi aliinama, akaweka mkono mgongoni mwa Komanda.

"Anatetemeka, masikini," akasema. "Mi pia naogopaka radi. Bwana yangu alikuwa ananishika mukono. Sasa hayuko tena." Akamgeukia mjomba, bado amesimama. "Ikala. Nyumba yenye inahurumia imbwa hivi, bibi ya mutoto wangu atoke humu."

Mvua ikanyesha, na mkono wa yule mama haukutoka pale mpaka radi ikaenda mbali. Ndipo mama yetu akamfungua Komanda taratibu, akakung'uta kikwembe, akajifunga vilevile na matope yake, akaketi kando ya mwenzake.

Mimi nimeapa: kitu cha mama nitaomba kwanza, hata mbingu ipasuke, hata Komanda anililie kama mtoto. (Mama anasema sitaweza. Nadhani ananijua.)