Filamu ya Mume Wangu na Jicho la Bondia

Mwanzoni mwa miaka ya sabini mume wangu alikuwa karani bandarini Mtwara, lakini mjini alijulikana kwa jambo jingine: ndiye aliyekuwa akiandaa masumbwi. Alitafuta mabondia, akaomba ukumbi, akabandika matangazo kwa gundi ya unga wa muhogo niliyompikia mimi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na masumbwi sikuyapenda hata kidogo. Nilimpenda yeye, basi nikapika gundi.

Mmoja wa mabondia wake alipata bahati ya kwenda kupigana Ulaya, na huko akawasimulia watu habari za karani aliyemtoa kwenye kubeba magunia akamvisha glovu. Ndivyo walivyotufikia Wazungu watatu wa televisheni, pamoja na kijana mkalimani kutoka Dar es Salaam. Walitaka kutengeneza filamu ya maisha ya mume wangu. Sisi televisheni tuliisikia tu. Mtwara nzima haikuwa na hata moja. Majirani zetu pale Likombe walimuuliza kama mwisho wa filamu atakufa, kama wanavyokufa watu wa sinema.

Siku tatu walimpiga picha akienda kazini, akikaza kamba za ulingo, akila ugali huku amevaa suti yake ya harusi kwenye joto lile. Siku ya nne mkubwa wao akamuuliza, kupitia mkalimani, ni pambano gani hawezi kulisahau. Nilijua atataja la yule wa Ulaya.

Akasema, "La yule kijana wa Ziwani. Twendeni kwake."

Kwa miaka saba kijana huyo hakutajwa nyumbani kwetu. Alikuwa kuli, mwepesi wa mikono. Mchana wa pambano lake alikuja kwetu akasema, "Mzee, jicho la kushoto linaniletea ukungu tangu juzi." Nilikuwa namimina chai, nikasikia kila neno. Mume wangu akamshika bega. "Ukumbi umeshajaa, mwanangu. Leo tu." Kijana alishinda, watu wakambeba juu juu. Jicho halikupona. Akarudi kijijini kwao Ziwani, na mume wangu akawa anatuma salamu kwa kila aendaye huko, lakini yeye mwenyewe hakwenda. Na mimi niliyemimina chai sikuwa nimesema kitu.

Tulikwenda sote kwa gari lao. Tulimkuta bondia yule nyuma ya nyumba, anamenya mihogo pamoja na mama yake mzazi. Alikuwa amenenepa, ana mke na watoto wawili. Alitugeuzia uso upande wa jicho zima.

"Shikamoo, mama," mume wangu akamwamkia bibi yule.

"Marahaba. Umechelewa kuja."

Mume wangu hakujitetea. Alivua viatu, akaketi chini kwenye mchanga na suti yake, kamera ikimtazama. "Uliniambia kuhusu jicho," akamwambia bondia. "Nilikusikia. Nilijali ukumbi kuliko wewe. Nimekuja kukuomba radhi."

Bondia aliendelea kumenya mpaka muhogo ukaisha. "Mimi nilidhani hukunielewa siku ile," akasema. "Miaka yote nimejiambia, mzee hakunielewa."

"Nilikuelewa."

"Haya. Kukusamehe, nakusamehe. Lakini jicho ni jicho, mzee. Sikudanganyi kwamba halinisumbui."

Mama yake akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Wakati huohuo yule mkubwa wa Wazungu akanong'ona na mkalimani, na kijana wa watu akatusogelea kwa aibu. "Samahani, mzee. Wanasema wingu lilipita, picha imekuwa na giza. Wanaomba urudie."

"Nirudie nini?"

"Kuomba radhi."

Mume wangu akasimama, akakung'uta mchanga. "Waambie radhi haiombwi mara ya pili kwa sababu ya wingu."

Bondia akacheka mpaka kisu kikamponyoka. "Waambie pia kama wanataka kurudia, waanze na pambano. Huyo Mzungu mrefu aje apigwe yeye!" Hapo hata mama yake alicheka, akatuletea mihogo ya kuchemsha na samaki, na Wazungu wakala nasi.

Baadaye mkalimani alituandikia kwamba filamu ilionyeshwa kwao na watu waliipenda. Ya Ziwani, alisema, walibakiza kipande kidogo tu: mume wangu anavua viatu. Hatujaiona mpaka leo, na sidhani kama yeye aliitamani.

Alichofanya ni kwenda hospitali ya mjini kumwomba daktari awapime mabondia wote kabla ya kupanda ulingoni. Wengi walimcheka. Jumamosi moja ukumbi ulikuwa umefurika na daktari akamkataza bondia aliyekuwa akisubiriwa kuliko wote. Mume wangu alipanda ulingoni mwenyewe kutangaza kwamba hakuna pambano. Nilikuwepo, kwa mara yangu ya kwanza. Walimzomea, wakamrushia maganda ya machungwa, mtu akamwita mwoga. Alisimama palepale akirudia maneno yaleyale mpaka wakachoka, kisha akashuka na kuniuliza kama nimekwisha kula.