Mtani Wetu na Nyambizi ya Wamarekani

Harufu ya makapi ya mkonge yanayooza haina ndugu. Ni kama uji uliochacha ukachanganywa na majani mabichi, na ukikulia kwenye kambi ya manamba, vibarua wa mkonge, kule Mazinde, inakuingia mpaka kwenye nywele. Mwaka ule nilikuwa naamka nayo peke yangu. Baba alikuwa akitoka alfajiri kwenda kukata mkonge, na mama, aliyekuwa akikohoa tangu masika, alikuwa amepelekwa kwao Handeni akatibiwe. Nikiuliza habari zake naambiwa atarudi, basi. Nikapika, nikafagia, nikakaa mlangoni nikitazama barabara ya Korogwe mpaka macho yakauma.

Aliyenisemesha ni Mzee Maganga, Mnyamwezi, na sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Aliniita mtumwa wake. Nami nikishamwamkia shikamoo, nilimwuliza njaa iliyomfukuza kwao imeisha lini. Kabla ya mkonge alipakia marobota bandarini Tanga, na huko mabaharia walimjaza habari za manowari za Marekani. Alinisimulia jinsi Wamarekani walivyogombana wenyewe kwa wenyewe, meli mbili zilizovaa chuma zikatandikana mizinga asubuhi nzima, na hakuna iliyozama. Akasema hizo ni yeye na baba wakitaniana. Lakini iliyonikaa moyoni ni nyambizi yao iliyopiga mbizi kule juu kabisa ya dunia, ikapita chini ya barafu kimya kimya bila nchi kavu kusikia neno, kisha ikaibuka ng'ambo na watu wake wote wazima. Mfa maji haachi kutapatapa. Ukimya wa mama ukapata maana: naye alikuwa chini ya barafu yake, ataibuka tu.

Alikuja mjomba badala yake. Mama amefariki, akasema, na wameshamzika. Baba akakaa mkekani kama gunia lililomwagwa, wanawake wakaangua kilio, mimi nikaenda kukaa kando ya barabara. Walinifuata na uji, nikaukataa. Nikawaambia mama hajaibuka bado. Wakatazamana, wakanong'ona kwamba mtoto amerukwa na akili.

Jioni akaja Maganga amejifunga kanga ya mama, maana mtani ana ruhusa ya kumwigiza marehemu hata kaburi likiwa bichi. Akakohoa kama yeye. Akatembea kwa kuburuta mguu kama yeye, akanifokea kwa sauti yake ileile, "We Mwanahawa, maji yamo mtungini?" Waombolezaji wakacheka huku machozi yanawatoka. Nikamrukia nikampiga ngumi za tumbo, na hakunizuia.

"Piga," akasema. "Nyambizi ile ilikuwa na watu hai ndani. Mama yako amekufa, mtumwa wangu. Harudi. Lia."

Nikalia mpaka nikatapika, kisha nikala.

Sasa nina wajukuu, na sioni haya kujisifu: mmoja mwalimu, mmoja nesi, wote nimewasomesha kwa jembe, mimi niliyeishia darasa la pili. Mwaka jana nilimzika babu yao hapa Handeni. Kulikuwa na maturubai, maspika, na pilau ya kutosha kijiji. Akaja mzee mmoja wa Kinyamwezi kutoka Segera, akavaa kofia ya marehemu, akaanza kukoroma alivyokuwa akikoroma mume wangu. Mjukuu wangu mwalimu akamshika mkono, akamtoa nje kwa adabu, akasema bibi hawezi kudhihakiwa kwenye msiba wake. Nilitaka kusema mwacheni, wakawa wameshatoka. Mzee wa watu akaivua kofia, akaiweka kitini, akaenda zake. Waliobaki wakanipa pole, mmoja mmoja, sauti za chini, wakaondoka na simu zao. Ni watoto wema, wamenipenda kwa namna wanayoijua. Lakini nyumba imenyamaza, na babu yao mpaka leo sijamlilia.