Safari ya Baba ya Kuona Tembo

Baba yangu ni mtu wa ukoo wa tembo, na mpaka uzeeni alikuwa hajamwona tembo hata mmoja. Kwa mwingine hilo si neno. Kwake lilikuwa neno, kwa sababu kwetu Katuba, Lubumbashi, watani wanajua pa kukushika. Kila msibani, wakati wa kuchekeshana, watu wa koo nyingine walimwuliza kama ana hakika na ukoo wake au wajomba zake walimpa tu wa kubahatisha. Baba alicheka nao. Akifika nyumbani hakucheka na mtu. Maisha yake yote alifanya kazi kwenye reli, akasindikiza mabehewa ya shaba mpaka Sakania mpakani, na hapo wenzake wa Zambia wakampokea mzigo na kumpa hadithi: tembo wanaovuka Zambezi jioni, kundi zima, watoto katikati. Wao wakaendelea kusini, yeye akarudi Lubumbashi.

Msiniulize kwa nini hatukumpeleka mbuga ya Upemba, iliyo kwetu. Tembo wa Upemba waliobaki wanajificha, na wana sababu zao. Siku hizi, kwa bunduki zilizoko, hata mtu angejificha kule.

Macho yalipoanza kumsumbua, daktari wa mjini alituambia ni glakoma, imekwisha kula sana, na dawa ingeweza kuchelewesha tu. Baba alikuwa anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Lililokuwa mbele yake kabisa alilipata. La kando halikuwapo. Daktari alisema bomba hilo litaendelea kuwa jembamba, na kama mzee ana kitu anachotamani kukiona, akakione mwaka huo huo. Alisema hivyo mbele yake. Baba hakuuliza mara mbili. Pale pale barazani mwa hospitali aliniambia anataka kwenda Livingstone, kuona tembo wa Zambezi.

Kabla hatujapanga lolote, mama akafa. Alikuwa anachekecha unga asubuhi, akakaa chini, basi.

Sasa niseme jinsi mambo yalivyo kwetu, maana kuna watu mjini wanaojifanya hawajui. Mwanamume aliyefiwa na mke hayuko mikononi mwake mwenyewe. Yuko mikononi mwa watu wa mke. Wao ndio watakaokuja kumwosha na kumfunga ushanga mweupe mkononi, wamtoe kwenye kilio. Kabla ya hapo haoi, hakai mezani na mwanamke wa watu, na katika ukoo wetu havuki mto wowote. Watu wa mama wako Kilwa, kando ya ziwa Mweru. Walikuja kuzika, wakarudi, wakasema watafika tena baada ya mvua.

Mvua ikapita. Mjomba, kaka mkubwa wa mama, akatuma habari kwamba njia imekatika. Kisha huko kwao kukawa na msiba mwingine, na misiba haipandani. Kisha mjomba akaugua mguu. Nilipendekeza amwachilie baba kwa simu, tuweke sauti kubwa, watu wote wasikie. Kaka yangu, anayeuza vipuri vya pikipiki Kampemba na kujiona mzee wa ukoo tangu ana miaka thelathini, aliniambia nina mdomo mchafu. Nikasema basi twende sisi Kilwa tukamchukue. Akasema mfiwa hafuati, mfiwa anafuatwa, halafu njia ya Kilwa yenyewe ina mito. Hapo alikuwa na haki, na hilo lilinikasirisha zaidi.

Nilikwenda kwa baba mwenyewe. Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameshika redio karibu na uso, anatafuta namba za stesheni. Nilimwambia wazi kwamba macho hayasubiri watu wa Kilwa. Alizima redio.

"Bantu ba kwa mama yenu habayanitosha mu kilio," alisema, yaani bado hawajamtoa. "Nikivuka mayi vile, ni kusema mama yenu alikuwa bure. Wee unataka niseme vile?"

Sikutaka. Nilitaka aone tembo. Ningeweza kumwambia kwamba mama mwenyewe angemfungia mzigo na kumsukuma mlangoni, lakini alikuwa analijua hilo kuliko mimi. Haikuwa hofu iliyomzuia. Alikuwa anampenda, na heshima ile ndiyo ilikuwa kitu cha mwisho alichoweza kumpa. Kwa hiyo tulikaa tukangoja. Kila nilipokuja kumtembelea nilipata kitu kingine alichokuwa ameacha kukifanya: kunyoa ndevu, kumimina chai, kutoka mpaka barabarani. Alikuwa anaacha bila kutangaza.

Watu wa Kilwa walifika mvua nyingine ilipokuwa imekwisha pita. Walikuja na samaki wakavu na maneno mengi ya kuomba radhi, na mjomba kweli alikuwa anachechemea. Walimwosha baba mikono na uso, wakamfunga ushanga. Mjomba akasema sasa yuko huru, aende akaone mnyama wake. Baba akanyoosha mkono kumshukuru, akaunyoosha pembeni, pasipokuwa na mtu. Mjomba akasogea haraka akaudaka. Wote tuliona. Samaki wakapelekwa jikoni.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini baba alisema mwangaza bado anauona, na kitu kikubwa kama tembo hakiwezi kukosa kuziba mwangaza. Kaka akatikisa kichwa kukubali, maana yeye hukubali kila neno ambalo halimpi kazi. Kazi ilikuwa yangu. Nilijua ni bure, nikaenda.

Tulivuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa, tukapanda basi la Lusaka, halafu la Livingstone. Kwenye daraja la Kafue baba alisikia magurudumu yamebadilisha sauti, akaniuliza kama tunavuka. Nilipomjibu ndiyo, aligusa ushanga wake, akakaa vizuri. Alivaa koti lake la reli na miwani yake, ingawa miwani ilikuwa haina kazi tena. Alinikataza kumwambia mtu yeyote kwamba haoni. Watakupatia fasi mubaya, alisema, watasema kipofu anakuya kufanya nini.

Asubuhi tulizunguka mbugani kwa gari. Watu waliona twiga na nyati, baba akageuza kichwa walikogeuza wengine. Tembo hawakuwapo; walikuwa upande wa mto, dereva alisema. Alasiri tukapanda boti. Kiongozi wa boti alikuwa kijana mwenye kofia, na aliposikia Kibemba cha baba alifurahi. Walizungumza kama majirani. Baba akamwambia ukoo wake, na kijana akacheka sana, akasema mtu wa tembo hawezi kukaa nyuma, akamwinua mzungu mmoja na kamera yake ili baba apate siti ya mbele kabisa.

Tulipanda mto polepole, kati ya visiwa. Kisha kijana akazima injini. Aliinua mkono, akatuomba sote tunyamaze, wasije wakaogopa.

Walikuwa wanatoka kwenye matete, mmoja mmoja, wanaingia majini. Mbele yetu kabisa. Nilikuwa sijawahi kuona tembo hata mimi, na nilisahau kwa muda kwa nini nimekuja. Nilijilaumu kwa furaha ile, ikapungua, haikuisha. Baba alikuwa amenyoosha shingo. Jua lilikuwa usoni mwake na tembo walikuwa chini ya jua, hawakuziba kitu. Na tembo majini hana kelele. Nilikuwa sijui hilo. Wanapita kimya kabisa, na boti nzima ilikuwa imenyamaza kwa adabu, na baba akabaki katikati ya kimya hicho.

"Biko wapi?" alininong'oneza.

Nikamwambia wako mbele. Nikamwambia ni wakubwa, weusi kwa maji, mikonga iko juu. Nikamwambia kuna mtoto, mama yake anamsukuma. Nilisikia maneno yangu yalivyo makavu. Nilitafuta mengine sikuyapata. Nilitaka kulia, na mtu anayetaka kulia hawezi kueleza tembo.

"Njo vile tu?" aliuliza, kama ndivyo tu walivyo.

"Njo vile, papa."

"Mama yako angenielezea," alisema. "Angenielezea, ningeona."

Akavua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti. Akasema turudi. Nilimgusa kijana begani nikamwuliza kama tunaweza kurudi, naye akanionyesha tembo kwa kidole, akitabasamu, akidhani sijawaona. Baba aligeuka kwenye siti akawapa mgongo. Tulibaki pale mpaka jua likazama, kwa sababu wengine walikuwa bado wanaangalia.