Neno Moja kwenye Posa ya Dada Yangu

Kiti nilichopewa kilikuwa kati ya pande mbili za sebule. Mgongo wangu uligusa kabati la vyombo, na magoti yalibanwa na meza yenye thermosi za chai. Kulia walikaa wazee wetu. Kushoto walikaa wageni waliotoka upande wa ziwa, watu wa yule kijana anayetaka kumwoa dada yangu mkubwa. Ili nitoke nje, ingebidi nusu ya sebule isimame. Nilipima jambo hilo mapema, kama ninavyopima milango ya kila chumba ninachoingia.

Kiti hicho hakikuwa changu. Mkalimani alipaswa kuwa mjomba wetu, mwalimu mstaafu anayeishi Nyamira, mtu mwenye sauti ya kanisani. Asubuhi hiyo akapiga simu: mvua imeharibu barabara ya kwao, gari limezama kwenye matope, asisubiriwe. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikimenya ndizi. Mama akanijia na taulo mkononi. Nyumbani tunaongea Ekegusii, kwa hiyo aliyosema nayaandika hapa kwa Kiswahili changu.

"Nawa mikono. Wewe ndiye utakayesema."

"Mimi, mama?"

"Nani mwingine hapa anakijua Kiswahili cha redio?"

Alisema kweli. Niliacha shule kidato cha pili, na Kiswahili nikajifunza mwenyewe kwa kurudia taarifa ya habari, sentensi baada ya sentensi, nikiwa peke yangu shambani katikati ya majani chai. Sasa nachapa wasifu wa marehemu katika saiba moja, duka la kompyuta, mjini Ogembo. Watu huniletea kazi kwa sababu siachi ngeli ichechemee. Wananisifu. Hawajui kwamba herufi moja ikinitoroka naamka usiku kuitafuta, na kwamba nilianza kunywa ili nipate saa chache ambazo hakuna neno lililohitaji kusahihishwa.

Binamu zangu wawili walikuwa pale nyuma na chupa ya soda isiyokuwa na soda.

"Pastor anaenda madhabahuni!" mmoja akasema. Ndivyo wanavyoniita tangu niache kunywa.

"Onja kidogo bana, ulimi ulegee," mwingine akasema. "Hii si pombe, ni dawa ya kutetemeka. Ona hiyo mikono!"

Mikono ilikuwa inatetemeka kweli. Sijaonja kitu tangu mavuno ya mahindi ya mwaka juzi, na ningependa kuandika kwamba nilikataa kwa ushujaa. Nilikataa kwa sababu mama alikuwa amesimama pale na taulo.

Kwenye mlango wa jikoni dada alinishika mkono wa shati. Hawa wageni walikuwa wamekuja mara moja kabla ya hapo, na kikao kikavunjika kabla ya chakula kwa sababu ya maneno makali. Wakaondoka na njaa yao. Mchumba wake alikuwa amemwambia wazi kwamba wazee wa kwao wamekubali kurudi mara hii, na hawatapanda mlima huu mara ya tatu.

"Ukisikia moto unawaka, usiongeze kuni," dada akaniambia. "Tafadhali." Macho yake yalikuwa mekundu, na hakuwa anakata vitunguu.

Msemaji wetu alikuwa baba mkubwa. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo yeye ndiye mwenye neno. Alifanya kazi kiwandani miaka mingi na watu wa kila kabila, na Kiswahili anakijua. Siku hiyo aliamua hakijui. Binti wa nyumba huombwa kwa lugha ya nyumba, alisema, na anayetaka kuelewa ana mkalimani. Hapo ndipo nilipoona jinsi nilivyofungwa. Kila nitakachotafsiri, mwenyewe angekisikia na kukipima.

Mwanzo ulienda vizuri. Mvua, barabara, afya za wazee. Msemaji wa wageni, mjomba wa kijana, alitumia Kiswahili laini chenye mzaha. Kando yake aliketi shangazi wa kijana, mama mnene aliyekunja mikono mapajani na kunyamaza. Kijana mwenyewe, anayeuza vifaa vya ujenzi Kisii mjini, alikuwa akilitazama zulia.

Kisha baba mkubwa akajiweka sawa kwenye kiti. Akauliza, polepole, akimwelekezea kijana kidole cha mkono wenye bakora: huyu omoisia ataweza kweli kumtunza binti yetu?

Lazima nieleze neno hilo, maana kila kitu kilisimama juu yake. Omoisia ni mtoto wa kiume ambaye hajatahiriwa. Mama anaweza kumwita hivyo mtoto wa miaka sita aje kula, na hakuna ubaya. Lakini ukimwita hivyo mwanamume mzima, tena wa jamii ambayo jadi yake haikuwa na tohara, umemvua nguo mbele ya watu.

Wazee wetu wakatazama vikombe vyao. Wageni wakanitazama mimi.

Nakiri kwamba jambo la kwanza lililonijia kichwani lilikuwa tafsiri sahihi. Ilikuja yenyewe, imekamilika, ngeli zake zote zimenyooka. Mimi ni mtu ninayeumwa tumbo mtu akiandika "kitu kingine" kama "kitu ingine", na sasa nilitakiwa kukosea makusudi, mbele ya mtu anayejua kwamba nimekosea. Niliutazama mlango. Nilisikia binamu zangu wakicheka nyuma ya nyumba, na nikaitaka ile chupa kuliko nilivyoitaka siku yoyote tangu niiache.

Namjua vizuri yule niliyekuwa enzi za kunywa. Angeitoa tafsiri sahihi kwa sauti kubwa. Halafu angeifafanua, kwa furaha, na mifano. Angeamini kabisa kwamba anawasaidia. Asubuhi angeamka na kumuuliza dada kwa nini analia.

Kichwa kilikuwa safi, kikavu, changu.

"Mzee anauliza," nikasema, "je, kijana huyu ataweza kumtunza binti yetu?"

Baba mkubwa akanigeukia, akaniuliza kwa Ekegusii, "Umewaambia kama nilivyosema?"

"Nimewaambia unamuuliza kijana, baba."

"Kijana."

"Ndiyo, baba."

Alinitazama muda mrefu. Sikuyashusha macho, si kwa ujasiri, bali kwa sababu kwa magoti yale na meza ile hata kugeuka sikuweza. Mwishowe akaegemea nyuma.

"Basi ajibu," akasema.

Kijana akajibu. Alisema ataweza, na asipoweza atakuja kusema mwenyewe badala ya kungoja aambiwe. Nilitafsiri kila neno lake, na hapo sikulainisha chochote. Mmoja wa wazee wetu akacheka kidogo, akaomba chai iongezwe.

Wageni walikula. Kuku, ugali wa wimbi, mboga ya chinsaga iliyolala kwenye maziwa usiku kucha. Ikakubaliwa kwamba ng'ombe wa mahari wataletwa baada ya mavuno. Dada alipopita na beseni la maji ya kunawa, alinimwagia mengi hadi yakalowesha suruali, akajifanya hakuona.

Wakati wa kuagana, yule shangazi aliyenyamaza alinishika mkono akakataa kuuachia.

"Mbuya mono," akasema. Asante sana, kwa Ekegusii safi kabisa. Kisha akaniinamia. "Nimeuza samaki Ogembo tangu hujazaliwa, mwanangu. Hilo neno wameitwa watoto wangu sokoni mara ngapi! Nalijua kuliko wewe."

Akacheka, akanipiga bega, akaenda zake akishikilia gauni lisiguse matope.

Kwa hiyo alikuwa amesikia. Baba mkubwa naye alikuwa amesikia. Wote wawili walikuwa wamekaa kimya kusubiri kuona nitaliweka wapi lile neno. Nilipolifikiria hilo niliketi kwenye ngazi ya jikoni, nikimshukuru Mungu kimoyomoyo bila sentensi moja iliyokamilika.

Baba mkubwa alinikuta hapo. Alisimama, akatazama wageni wakiteremka katikati ya mashamba ya chai.

"Siku ya ng'ombe utakaa pale pale," akasema. Kwa Kiswahili.

Nilitafuta sababu ya kukataa. Zamani nilikuwa nayo moja, pombe, na ilitosha kila mahali; enzi hizo hakuna aliyewahi kunipa kiti kama kile. Nikaikalia mikono yangu, nikamwambia nitakuwepo.